Mafuta Yasiyoliwa

Jina "mbono" limebeba mimea miwili. Wa kwanza ni ule ambao wengine huuita mbarika na wengine mnyonyo: majani mapana yaliyochanika kama vidole, shina lenye wekundu, na matunda ya miiba laini ambayo jua likizidi hupasuka na kurusha mbegu zenye madoadoa. Wa pili ni mbono kaburi: kichaka chenye utomvu, gome la kijivu linalong'aa, na majani ambayo hata mbuzi mwenye njaa huyapita. Mtu akisema "mbono" Tabora, inabidi umuulize: upi, wa nywele au wa makaburini?

Mimea hii ni ndugu. Wataalamu wameiweka katika ukoo mmoja, na mbegu za yote miwili zimejaa mafuta ambayo mtu hawezi kuyapikia. Mafuta ya mbarika huingia tumboni kama dawa tu, na dawa yenyewe kila aliyewahi kunyweshwa utotoni anajua inavyofanya kazi. Mbono kaburi hauna hata nafasi hiyo. Mtoto akila mbegu zake kwa kudhani ni karanga, anapelekwa hospitali.

Nimeanza na majina kwa sababu historia ya njia ya msafara niliyosoma shuleni ilikuwa na majina ya aina nyingine. Burton na Speke waliingia Kazeh, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857. Stanley na Livingstone walikaa Kwihara mwaka 1872. Ziliorodheshwa pembe za ndovu, watumwa, marekani, shanga, nyaya za shaba. Mmea ulioota pembeni ya njia haukuwamo kwenye mtihani. Lakini kwa miaka zaidi ya mia moja sasa, watu wamekuwa wakija upande huu wa nchi na kuukuta mmea wa mafuta ukisubiri, au kuuleta wao, na kila wakati wamekuja na hesabu mkononi. Nimejaribu kuzifuatilia hizo hesabu, kwa sababu ardhi ya Tabora imepimwa tena, na safari hii pia kilichopimiwa ni mafuta.

*

Kutoka Bagamoyo mpaka Unyanyembe ni zaidi ya kilomita 800. Msafara wa Burton ulitumia miezi minne na nusu. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32 kwa makadirio, juu ya chakula, mkeka, silaha na sufuria zao wenyewe. Punda walikufa kwa mbung'o, magari ya ng'ombe yalikwama. Kwa hiyo biashara yote ya bara katika karne ya 19, kuanzia funguo za piano zilizotengenezwa Connecticut kwa pembe zetu hadi kanga iliyovaliwa Ujiji, ilisukumwa na nishati moja: miguu ya watu.

Na miguu hiyo ilihitaji mafuta. Jua la Ugogo hukausha ngozi mpaka inapasuka. Kamba ya mzigo huchubua bega. Kisigino kilichopasuka kinaweza kumwacha mtu nyuma ya msafara, na kuachwa nyuma ya msafara mara nyingi kulikuwa ni kufa. Watu wa bara walijipaka samli walipokuwa na ng'ombe, mafuta ya ufuta walipokuwa na ufuta, na mafuta ya mbarika karibu kila mahali, kwa sababu mbarika haukuhitaji shamba wala ng'ombe. Unaota penye jalala, nyuma ya nyumba, kandokando ya njia, mahali popote ambapo udongo umevurugwa. Kijiji kikihama, mbarika hubaki umesimama kwenye mahame kama mlinzi aliyesahauliwa.

Namna ya kuyapata mafuta yake imebadilika kidogo sana. Bibi yangu mzaa mama aliyatengeneza nikiwa mdogo, na nadhani mwanamke wa Unyanyembe wa mwaka 1857 angeielewa kila hatua. Mbegu hukaangwa kwenye chungu mpaka zitoe harufu. Zinatwangwa kwenye kinu mpaka ziwe uji mzito mweusi. Uji huo unachemshwa kwa maji mengi, kwa moto wa polepole, na mafuta yanapopanda juu yanaenguliwa kwa kata, kisha yanarudishwa motoni ili maji yaishe. Siku nzima ya kazi, chupa moja. "Usiharakishe moto," bibi alikuwa akiniambia, "mafuta yana haya, ukiyafokea hayatoki."

Kuna kemia katika maneno hayo. Mbegu ya mbarika ina sumu kali iitwayo risini. Sumu hiyo haiyeyuki katika mafuta, hubaki kwenye mashudu, na joto la maji yanayochemka huivunja. Wanawake waliobuni kukaanga na kuchemsha hawakuwa na maabara, lakini waliisafisha bidhaa yao kwa njia ambayo mkemia angeikubali.

Mafuta mengine nayo yalisafiri. Ujiji kulikuwa na mawese, mekundu, yaliyopikiwa, yaliyowashiwa taa na kutengenezewa sabuni. Pwani kulikuwa na ufuta na nazi, na tangu miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Ufaransa walikuja kununua ufuta wa pwani ya Zanzibar kwa ajili ya viwanda vya sabuni vya Marseille. Viwanda vya Ulaya vilikuwa na kiu ya mafuta ya mimea kabla ya petroli kuwa na jina. Lakini mbarika wa bara haukufika bandarini kwa mizigo ya kuhesabika. Ulitengenezwa na wanawake, ukatumiwa nyumbani, ukapakwa kwenye miguu ya wanaume walioondoka. Forodha haikuuona, na kisichoonwa na forodha mara nyingi huwa hakipo katika vitabu.

*

Mbono kaburi una historia tofauti, nayo inaanzia mbali. Kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Inaaminika Wareno ndio waliousafirisha kuja Afrika na kwenda Asia. Visiwa vya Cabo Verde viliulima kwa wingi katika karne ya 19, na mafuta yake yaliwasha taa za mitaa ya Lisbon. Kwa hiyo wazo la kutumia mmea huu kama chanzo cha nishati halikuzaliwa juzi. Mji mkuu wa Ulaya uliwahi kuona usiku kwa mbegu zilizochumwa na watu maskini wa kisiwani Afrika.

Ulipofika kwetu, watu waliutazama na kuupa kazi mbili zinazoufaa. Kwanza, uzio. Ukikata tawi na kulichomeka ardhini, linaota, mifugo hawalili, kiangazi hakiliui. Pili, kaburi. Alama ya jiwe huzama, ya mti uliokufa huliwa na mchwa, lakini mbono ukichomekwa kichwani pa marehemu unasimama miaka na miaka. Unasema: hapa pana mtu, msilime.

Sijui alama nyingine inayoifaa zaidi njia hii. Wapagazi waliokufa kwa ndui, kwa kuhara, kwa uchovu, wengi hawakuzikwa kabisa. Waliobahatika kufika nyumbani walipata kaburi na mti.

*

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma miezi michache tu iliyotangulia. Manowari za Uingereza zikaifunga bahari. Koloni la Wajerumani likajikuta halipati petroli, mafuta ya taa, sabuni, dawa wala sarafu. Serikali ya Gavana Heinrich Schnee ilihamia Tabora, na katika karakana ya reli hapa mjini, mwaka 1916, zikafuliwa sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, na sarafu ndogo za shaba ya njano. Wakusanyaji wa sarafu duniani wanazijua mpaka leo kwa jina la mji wetu.

Ambacho hakikumbukwi sana ni kazi iliyofanyika Amani, katika milima ya Usambara, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa mwaka 1902. Kituo kile kiligeuzwa kiwanda cha dharura: kwinini kutokana na magome ya mkwinini, sabuni, mishumaa, na vitu vingine vingi. Kamanda Paul von Lettow-Vorbeck anaeleza katika kumbukumbu zake juu ya kimiminika kilichoitwa "trebol", fueli ya magari iliyopatikana kutokana na mbata. Mwaka 1914 mpaka 1916, basi, Tanganyika ilikuwa na magari machache yaliyotembea kwa nazi. Aliyeyaendesha hakuzungumzia mabadiliko ya tabianchi wala nishati jadidifu. Hakuwa na kingine.

Upande wa pili wa vita hiyo, mbarika nao uliruka angani. Injini za ndege zilizoitwa rotari, kama Gnome na Le Rhône, zilizunguka zenyewe pamoja na panga lake, na petroli ilipita ndani ya kasha la mashine. Kilainisho cha kawaida kingeyeyushwa na petroli hiyo. Mafuta ya mbarika hayachanganyiki nayo kirahisi, na yanavumilia joto, ndiyo maana yakawa kilainisho cha lazima. Injini haikuyarudisha; iliyatema nje yakiwa moshi, na rubani aliyavuta hewani saa zote za safari. Ndege za Sopwith zilizoletwa mwaka 1915 kuitafuta manowari Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji zilikuwa na injini za Gnome za aina hiyo. Mafuta yaleyale ambayo bibi wa bara alipaka kisigino cha mwanawe yalikuwa yakitiririka juu ya mikoko.

Lakini si nazi wala mbarika iliyoendesha vita ile. Farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o kama punda wa Burton walivyokufa, malori yalizama matopeni, na majeshi yote mawili yakarudi kwenye nishati ya zamani. Watu walikamatwa vijijini kwa mamia ya maelfu kuwa wapagazi. Wanahistoria wanakadiria kuwa waliokufa upande wa Uingereza pekee wanakaribia 100,000. Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina la jeshi lao. Wabelgiji walipoiteka Tabora tarehe 19 Septemba 1916, walifika na risasi na chakula vilivyobebwa vichwani. Kila ninaposoma sifa za ubunifu wa Amani, huwa najiuliza fueli ilikuwa ipi hasa.

*

Mwaka 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, injini ndogo ya dizeli iliwashwa kwa mafuta ya karanga. Rudolf Diesel, miaka 12 baadaye, alieleza kuwa wazo lilitoka kwa serikali ya Ufaransa, iliyotaka kujua kama makoloni ya Afrika, ambako karanga hustawi, yangeweza kujitengenezea nguvu za viwanda kwa mazao yao yenyewe. Injini ilifanya kazi vizuri mno, akasema, kiasi kwamba watazamaji wachache tu walijua inakunywa nini. Petroli ilikuwa rahisi, na jambo hilo likalala.

Karanga zikaja Tabora kwa sababu nyingine. Baada ya Vita ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya siagi na mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka nchi kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, ukaandika ripoti: ekari 3,210,000 za karanga, sehemu kubwa yake Tanganyika, zikiwemo za Kongwa, Nachingwea na Urambo. Urambo! Makao ya Mirambo, mtemi aliyeifunga njia ya msafara katika miaka ya 1870 mpaka Waarabu wa Tabora wakaomba amani. Sasa matrekta yaliyofumwa upya kutokana na vifaru vya vita yalikuja kung'oa miombo.

Karanga ni chakula, kwa hiyo si somo langu kwa ukali wa neno. Ila siwezi kuruka Urambo, kwa sababu hapo ndipo mpango wa mafuta ulipopata umbo ambalo tutalikuta tena. Mahitaji yako mbali. Ardhi inaitwa tupu. Zao limeshachaguliwa kabla udongo haujaguswa. Hesabu ya mavuno inatoka kwenye mashamba ya majaribio, kisha inazidishwa kwa ekari milioni. Mradi ulisitishwa Januari 1951 ukiwa umetafuna pauni milioni 36. Urambo wakabaki na barabara, majengo, na mashamba yaliyofyekwa, ambayo baadaye yaligeuzwa ya tumbaku. Na tumbaku ya Tabora hukaushwa kwa kuni. Msitu uliosalimika kwenye trekta umekuwa ukiingia tanurini, bani baada ya bani.

*

Treni ya Mpanda huachana na reli ya Kigoma pale Kaliua. Tawi hilo lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi, yaani madini ya risasi, uliofungwa baadaye, reli ikabaki. Nimeipanda mara mbili. Mara ya pili nilikaa na mzee mmoja aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka hospitali. Nilimsalimia kwa mwangaluka, akacheka kwa kuwa ilikuwa imeshafika jioni, na maongezi yakaanza. Dirishani kulikuwa na uzio wa mbono, mrefu, haujapogolewa.

"Ule tulipanda kuuza," akasema.

"Mkauza, mzee?"

"Tuliuza, mwanangu. Kidogo. Unachuma kutwa nzima, unabangua mpaka vidole vinauma, unapeleka gunia, unarudi na hela ya chumvi. Siku hizi mbuzi hawaingii kwenye mahindi. Hiyo ndiyo faida yake, na hiyo tulikuwa nayo tangu zamani."

Katikati ya miaka ya 2000 mbono kaburi ulipata jina jipya katika magazeti: dhahabu ya kijani. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilifika dola 147. Umoja wa Ulaya ulikuwa ukiweka malengo ya fueli ya mimea katika magari, na wakati huohuo mahindi na mawese yaliyogeuzwa fueli yalilaumiwa kwa kupandisha bei ya chakula. Mmea usiolika ukaonekana kuwa jibu. Hauliwi, kwa hiyo haushindani na chakula. Unavumilia ukame, kwa hiyo utaota kwenye ardhi isiyo na kazi. Tarehe 30 Desemba 2008, Boeing 747 ya Air New Zealand iliruka kutoka Auckland, injini yake moja kati ya nne ikitumia nusu kwa nusu mafuta ya taa ya ndege na fueli ya mbono. Sehemu ya mbegu hizo ilitoka Malawi, Msumbiji na Tanzania. Mmea wa makaburini nao ukaruka angani, kama mbarika mwaka 1915.

Tanzania ilipokea wawekezaji wa kila namna. Kilwa, BioShape ya Uholanzi ilipewa hekta 34,000. Kisarawe, Sun Biofuels ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 zilizotoka katika vijiji 11. Mpanda, kampuni ya Kijerumani Prokon ilichagua njia tofauti: haikuchukua mashamba makubwa, ilifunga mikataba na maelfu ya wakulima wadogo waupande mbono kwenye mashamba yao. Arusha, Diligent ilinunua mbegu za uzio kutoka kwa wanavijiji. BioShape ilisimama mwaka 2010, Sun Biofuels ikafunga Kisarawe mwaka 2011. Prokon, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa umeme wa upepo huko Ujerumani, ilifilisika Januari 2014 kwa sababu za kifedha za kwao. Kufikia wakati huo mbono ulikuwa umeshapoteza mvuto duniani kote.

Wakulima na wanasayansi walifikia jibu moja kwa njia mbili. Mbono unavumilia ukame, ni kweli, lakini kuvumilia si kuzaa. Kwenye ardhi kavu isiyo na mbolea unaishi na kutoa mbegu chache. Ukitaka uzae, unautaka udongo mzuri na maji, yaani shamba la mahindi. Unachukua miaka mitatu mpaka mitano kufikia mavuno ya kueleweka. Matunda yake hayaivi kwa pamoja, kwa hiyo mashine haifai, mkono ndio unaochuma. Na lita moja ya mafuta inataka kilo nne mpaka tano za mbegu.

Fanya hesabu hiyo mwenyewe. Tuseme lita ya dizeli inauzwa shilingi 1,500. Kwa kilo tano za mbegu kwa lita, hata kama mwenye mashine ya kukamua, mwenye lori na mwenye kiwanda wote wangefanya kazi bure, mkulima hawezi kulipwa zaidi ya shilingi 300 kwa kilo. Hawafanyi kazi bure. Basi kinachomfikia aliyechuma ni sehemu ndogo ya hiyo 300, na kilo moja ni zaidi ya mbegu elfu moja zilizobanguliwa moja moja. Mzee wa kwenye treni hakuhitaji karatasi kuijua hesabu hii. Vidole vyake viliijua.

Neno "hauliwi" ndilo lililotupoteza zaidi. Mbegu kweli hailiwi. Lakini ardhi inaliwa, maji yanaliwa, na siku ya mama mwenye jembe inaliwa. Shamba likipandwa kisichopikika, chakula kimeshashindanishwa, hata kama mmea wenyewe ni sumu. Na ardhi iliyoitwa tupu Kisarawe au Kilwa ilikuwa na visima, mkaa, asali, uyoga, njia za mifugo, na makaburi. Baadhi ya makaburi hayo, bila shaka, yalikuwa na mbono kichwani.

*

Sitaki kusema kwamba mafuta yasiyoliwa hayana maana. Historia yenyewe inakataa. Mbarika, bila kelele, umekuwa moja ya malighafi zinazotegemewa sana na viwanda. Karibu asilimia 90 ya mafuta yake ni asidi ya aina moja, na umbo la asidi hiyo ni adimu katika mimea. Kutokana nayo hutengenezwa grisi za magari, rangi, vanishi, lipstiki, na tangu katikati ya karne ya 20 Wafaransa wanatengeneza nailoni iitwayo Rilsan, inayotumika katika mabomba ya breki na ya fueli. Sehemu kubwa mno ya mbegu hizo sasa hulimwa India, hasa Gujarat. Sisi, ambao mmea huu asili yake ni upande wetu wa bara, kaskazini-mashariki mwa Afrika, tunaununua ukiwa ndani ya vipuri.

Tofauti ya mbarika na mbono, naona, ni kwamba hakuna aliyeutaka mbarika ushindane na kisima cha Saudi Arabia. Fueli ndiyo bei ya chini kabisa ambayo mafuta yanaweza kuuzwa, kwa sababu kuyachoma ni kuyatupa. Bei hupanda pale mafuta yanapofanya jambo ambalo petroli haiwezi. Wanawake wa Arusha waliofundishwa kutengeneza sabuni kwa mafuta ya mbono walipata zaidi kwa kilo kuliko aliyeuza mbegu kwa ajili ya dizeli. Bibi yangu aliuza chupa ya mafuta ya nyonyo kwa ajili ya nywele za maharusi, na hakuna siku aliyolalamika juu ya soko. Hakuna kampuni ya Ulaya ingeandika ripoti juu ya chupa hiyo, lakini hesabu yake ilikuwa na mantiki kuliko ile ya hekta 34,000.

Sasa kuna mafuta mengine yanakuja. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na linapita katika mkoa wa Tabora, wilaya za Nzega na Igunga. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba lazima lipashwe joto njia nzima na kufunikwa kwa koti. Kiwanda cha kuliweka koti hilo kilijengwa kijiji cha Sojo, Nzega. Ni povu la poliyurethani. Mafuta ya mbarika ni moja ya malighafi zinazoweza kutengeneza povu la aina hiyo, ingawa la kwetu limetoka kwingine.

Watu wa rika langu tunabishana sana juu ya bomba hili. Wengine wanaona ajira, wengine wanaona hewa ya ukaa, wengine wanaona fidia za ardhi. Mimi, baada ya kusoma habari za mbata, karanga na mbono, nimebaki na maswali matatu ambayo ningependa yaulizwe mapema kwa kila mwenye ramani, awe anakuja na mafuta ghafi au na mmea mpya wa kuokoa dunia. Nani atachuma, na atalipwa nini kwa kilo? Ardhi mnayoiita tupu, wenyewe wanaiitaje? Na bei ikianguka, nini kitabaki mikononi mwa walioipokea?

Mtaro wa bomba ukishafukiwa, juu yake hubaki ukanda mrefu wa udongo uliovurugwa. Sheria itakataza miti mikubwa kupandwa hapo. Ila mbarika haupandwi. Ndege na mvua vitaleta mbegu, na katika msimu mmoja utakuwa umefika kifuani, kandokando ya njia, kama ulivyofanya wakati mizigo ikipita vichwani. Kutakuwa na mwanamke wa Nzega atakayezichuma, azikaange, azitwange, kisha akae kando ya moto mdogo na kata mkononi, akisubiri mafuta yapande.